Sifa za Kiraka cha Moto

Msimu wa pamba ukifunguliwa mkoani Simiyu, mavuno husafiri juu ya mpira. Baiskeli hutoka vijijini Itilima na Meatu na mizigo iliyompita mwendeshaji kimo, matrekta na malori yakifuata, na njiani miiba ya migunga inangoja. Ndiyo maana fundi pancha wa Bariadi hakosi kazi. Tundu dogo hulimaliza kwa solushani na kiraka cha baridi. Tyubu ya trekta iliyochanika ni habari nyingine. Hapo huwasha moto, na hapo ufundi wake hudai sifa.

Vifaa vyenyewe ni chakavu: klampu nzito na pistoni kuukuu ya injini. Hukwaruza tyubu kwa tupa mpaka ngozi ya juu itoke, huweka kipande cha raba mbichi, huipindua pistoni juu yake kichwa chini, kisha hukaza. Katika uwazi wa pistoni humimina mafuta ya taa kidogo, huwasha, hukaa pembeni.

Raba mbichi hunata vidoleni, na ukiivuta haijui kurudi. Ndani yake mna salfa. Joto likiingia, salfa huunganisha nyuzi za mpira, uzi kwa uzi; mnato huisha na mnyumbuko hupatikana. Mmarekani Charles Goodyear aligundua siri hiyo mwaka 1839 na kupata hataza mwaka 1844. Kabla yake, mpira ulilegea na kunata kwenye joto, ukakakamaa kwenye baridi. Plastiki nyingi huyeyushwa upya. Raba iliyoiva haiwi mbichi tena, kama ugali usivyorudi kuwa unga.

Basi kosa halina marudio. Joto likipanda nyuzi 10, kasi ya kuiva hukaribia kuwa maradufu. Likipungua, kiraka hubanduka barabarani. Likizidi, mpira huanza kulegea na kupoteza nguvu. Viwandani vipimo na mitambo ndivyo hulinda mpaka huo. Chuchu za silikoni za chupa za watoto, kwa mfano, huanza kama uji wa sehemu mbili unaochanganywa ukiwa baridi, ukasukumwa ndani ya kalibu ya nyuzi 170 hadi 200, ukaiva upesi humohumo.

Fundi wa Bariadi hana kipimajoto. Saa yake ni mafuta. Kiasi alichomimina kikiisha, moto hujizima wenyewe, na joto alilolikusudia limekwisha kuingia. Mafuta yakizidi, ameunguza. Yakipungua, ameacha ubichi. Muda ameugeuza kuwa kipimo cha kumimina, na huo ni uhandisi hata kama hauna cheti ukutani.

Moto ukizimika bado hafungui. Hungoja chuma kipoe, kwa sababu klampu ikilegezwa mapema, hewa na mvuke huvimba ndani ya raba na kuijaza vitundu. Mteja aliyesimama juani huona fundi amekaa bure, ilhali sehemu hiyo ya kazi ndiyo anayoilipia. Raba ni kipande, mafuta ni tone. Kinachouzwa ni ujuzi wa lini kuwasha na lini kutogusa. Anayemwambia "fungua tu, inatosha" anaomba mzigo wake ushushwe kabla haujafika ghalani.