Wanaousubiri Ufa

Kuvunja kauri ni kazi ya dakika moja. Kuibebesha mzigo usiobadilika, ukangoja siku hata miezi mpaka ishindwe yenyewe, huo ni ufundi wa wachache, nami nauheshimu kuliko mashine zote za kishindo zilizojaa maabara.

Kinachongojewa hakionekani kwa macho. Kila kipande cha kauri hutoka kiwandani na dosari ndogo ndogo, na mzigo ambao kingeuhimili vizuri asubuhi waweza kukiua wiki ijayo. Mchokozi ni maji. Molekuli zake hupenya hadi kwenye ncha ya ufa, ambako vifungo vya atomi vimekwisha kuvutwa, zikavikata kimoja kimoja. Mwaka 1967 Sheldon Wiederhorn, huko Marekani, alipima mwendo wa ufa ndani ya kioo cha kawaida huku akipunguza unyevu wa hewa kutoka asilimia 100 hadi 0.017. Kadiri hewa ilivyokauka, ndivyo ufa ulivyosita.

Fundi hodari hujulikana kabla ya mzigo kuwekwa. Husaga vijiti vyake vya kauri kwa urefu, mikwaruzo ya jiwe la kusagia isije ikakingama na mvuto, kisha hulainisha kingo. Ufa ukianzia kwenye ukingo uliochongwa ovyo, kilichopimwa ni uzembe wake. Hata akijitahidi hivyo, vijiti vya tanuru moja havifanani: kimoja huvunjika kabla ya chai ya saa nne, cha pili hukaa mwezi. Cha tatu hakivunjiki kabisa, nacho huandikwa daftarini kwamba kilisalimika, pamoja na saa kilizodumu. Kukiacha nje ya hesabu ni kusema uongo kwa kunyamaza.

Subira yote hiyo huzaa namba moja, inayoonyesha jinsi ufa unavyoitikia mkazo. Ikiwa ni 20, kupunguza mkazo kwa nusu hurefusha maisha ya kipande takriban mara milioni moja. Kuupunguza kwa sehemu moja ya kumi tu hurefusha mara nane. Namba yenye nguvu kiasi hicho haifai kukisiwa, wala kuazimwa kutoka mazingira mengine. Kauri ya kichwa cha nyonga bandia, kwa mfano, itaishi ndani ya mwili, kwa hiyo fundi huipima ndani ya maji ya chumvi yenye nyuzijoto 37, hata kama hewa kavu ingempa muuzaji majibu matamu zaidi.