Uso usioonekana: Kaida za video za wanamuziki huru

KWA muda sasa nimekuwa nikiwasikia wahakiki wetu wakizizungumzia video za wanamuziki wasio na kampuni kana kwamba ni kazi duni zinazosubiri pesa ili zikamilike. Kauli hiyo niliisikia tena mjini Takaba, Kaunti ya Mandera, katika kibanda cha chai ambamo vijana wanne walikuwa wameinamia simu moja. "Adeer, njoo uone," mmoja akaniita.

Sauti ilikuwa ya mwanamke, akiimba kwa Kiborana. Picha zilikuwa chache: mikono ikichorwa hina, chombo cha maziwa kikifukizwa moshi, nyayo za ngamia mchangani, kivuli kwenye ukuta wa mabati. Kuanzia mwanzo hadi mwisho, mwimbaji mwenyewe haonekani.

"Wimbo ni mtamu, lakini video haijaisha," akasema yule kijana. "Hata mwenyewe hayuko. Pesa ya kamera iliisha."

Je, ni kweli haijaisha? Ili kulijibu swali hili, hatuna budi kujiuliza kwanza ni nani aliyetufundisha kwamba video ya muziki sharti imwonyeshe mwimbaji.

Mtaalamu Andrew Goodwin, katika kitabu chake Dancing in the Distraction Factory (1992), alizichambua kaida zinazotawala video za muziki. Mbili zinatufaa hapa. Kwanza, uhusiano wa picha na maneno ni wa aina tatu: picha hufuata maneno yanavyosema, au huyakuza kwa kuyaongezea maana, au huachana nayo kabisa. Pili, kampuni za kurekodi hudai picha nyingi za karibu za uso wa msanii. Sababu yake ni ya kibiashara. Tangu kituo cha MTV kilipoanza kurusha matangazo nchini Marekani tarehe 1 Agosti 1981, video ilikuwa tangazo la kuuza rekodi, na uso ndio uliokuwa nembo ya bidhaa. Mnunuzi sharti aukumbuke akifika dukani.

Sasa, kampuni isipokuwepo, uso unabaki na kazi gani? Hebu tutazame mifano ya hapa kwetu.

Mnamo 2010, kundi la Just A Band la Nairobi lilitoa video ya wimbo Ha-He. Anayeibeba video hiyo ni Makmende, shujaa aliyeumbwa kwa sura ya filamu za mapigano za miaka ya sabini, wala si wanamuziki wenyewe. Jina lake lilitoka katika michezo ya watoto wa mitaani Nairobi, nao waliliokota katika tamko la Clint Eastwood kwenye filamu Sudden Impact ya 1983, wakalitamka kwa masikio yao. Huo ndio mwingilianomatini: matini moja kuishi ndani ya nyingine. Watazamaji nao hawakukaa kimya. Walitunga vichekesho na majalada bandia ya magazeti ya kimataifa yenye picha ya Makmende. Sura ya uzee ya picha zile ilikuwa uamuzi, bali si upungufu wa vifaa.

Miaka minane baadaye, kundi la Ethic kutoka mtaa wa Umoja likatoa Lamba Lolo. Hapa nyuso zimejaa tele, ila si nyuso za kuuzwa moja moja. Ni kundi zima la vijana katika mtaa wao, na ukavu wa picha unasema, "sisi ni wa hapa." Roland Barthes, aliyeandika Mythologies mwaka wa 1957, angetuonya hapo. Ishara ikizoeleka hugeuka visasili, tukaiona kama jambo la kimaumbile. Kamera inayotikisika huwa ishara ya ukweli, kisha mwenye pesa nyingi huikodi na kuitikisa kwa makusudi. Kwa hivyo ufukara wa picha peke yake hauthibitishi uhuru wa msanii, kama ambavyo hauthibitishi uduni wake.

Mfano wa tatu una uchungu. Waayaha Cusub, kundi lililoanzishwa Eastleigh mnamo 2004, liliimba waziwazi dhidi ya al-Shabaab. Kiongozi wake, Shiine Akhyaar Ali, alipigwa risasi, akanusurika. Kwa msanii wa aina hiyo, kuuonyesha uso ni ushahidi, na ushahidi huo una gharama. Anayesimama mbele ya kamera anasema: niliyeyasema haya ni mimi.

Kwa hivyo uso si kitu kimoja. Kwa kampuni ni bidhaa, kwa Just A Band nafasi yake huchukuliwa na mhusika wa kubuni, kwa Ethic ni mtaa, kwa Waayaha Cusub ni ushahidi. Basi kutokuwepo kwa uso nako kunaweza kuwa na maana yake.

Kuna njia rahisi ambayo wanafunzi wangu wengi wangeikimbilia. Laura Mulvey, katika makala yake mashuhuri ya 1975 kuhusu sinema, alionyesha jinsi kamera ilivyozoea kuangalia kwa jicho la mwanamume, mwanamke akawa kitu cha kutazamwa. Wangesema: tazama, mwimbaji wa Takaba amelinyima jicho hilo chakula chake. Ameshinda! Naomba tusiharakishe. Mtu anaweza kujificha kwa hiari, na anaweza kujificha kwa hofu ya ndugu, ya majirani au ya maneno ya sokoni. Kuishangilia hofu na kuiita ushindi ni kumdhulumu mara ya pili. Nadharia haina ruhusa ya kutamka lililo moyoni mwa mtu. Inachoweza ni kutusaidia kuisoma kazi iliyo mbele yetu.

Basi tuisome. Niliwaomba vijana wale wairudishe video mwanzo. Maneno ya wimbo yanamhusu dada anayesafiri kwenda mbali, na hakuna ubeti unaotaja arusi. Mikono, hata hivyo, inachorwa hina, na michoro inaongezeka ubeti baada ya ubeti. Beti zinapokwisha, mkono umekamilika. Kisha mkono huohuo unainuka na kuifunika kamera, giza likaingia. Hiyo ndiyo aina ya pili ya uhusiano katika uchambuzi wa Goodwin: picha inayakuza maneno, inalisema lile ambalo mdomo umelinyamazia. Safari ile ni ya bibi arusi. Kila mtu anamzungumzia, anamwandaa, anampamba, wala hatuuoni uso wake, kwa sababu katika kisa hiki hakuna aliyemuuliza anaonaje. Kukosekana kwa uso ndiyo hoja yenyewe. Na kamera haikuishiwa pesa. Ilifungwa na mkono.

"Kumbe ni arusi," kijana akasema. Mwenzake akapinga, "Lakini bado angejionyesha." Stuart Hall, katika makala yake ya 1973 kuhusu usimbaji na usimbuaji, alitukumbusha kwamba mtazamaji anaweza kuipokea maana iliyokusudiwa, kuafikiana nayo nusu, au kuikataa. Kibanda kimoja cha chai kilikuwa na wasomaji wa aina zote tatu, na wote walikuwa na haki ya kusoma. Ila kukataa hoja ya video ni tofauti na kusema kwamba haina hoja.

Kijana wa tatu aliniinamia. "Adeer, mimi sauti hii naijua. Ni ya..." Nilimzuia. Mhakiki hana kazi na jina ambalo mwenye kazi amechagua kutolitaja. Mji ni mdogo, na neno likitoka halirudi.

Walimu wenzangu wa lugha na fasihi, hasa mnaofundisha kaskazini mashariki, nina ombi moja kwenu. Wanafunzi wenu wanatazama video hizi kila siku, kwa Kisomali, kwa Kigarre, kwa Kiborana na kwa Kiswahili. Wafundisheni kuuliza maswali matatu kabla ya kutoa hukumu: picha inayafanyia nini maneno? Nani anaonekana, nani haonekani? Kaida iliyovunjwa ilikuwa ikimfaidi nani? Wakiyajibu hayo ndipo waseme kama kazi ni nzuri au mbaya. Wengine bado watasema ni mbaya, na huenda wakawa na haki. Lakini watakuwa wameitazama hadi pale mkono unapoifunika kamera.