Baridi ya Bei Nafuu: Kilungu, Mbooni au Kitui?

Mtu wa Mombasa akitaka kulikimbia joto la Februari kwa siku tatu, ataambiwa aende Limuru, au avuke mpaka hadi Lushoto. Ukambani hautajwi. Ukambani anaoujua yeye ni ule wa dirishani mwa basi, kati ya Mtito Andei na Sultan Hamud: miiba, mibuyu na vumbi jekundu. Milima yenyewe imejificha ng'ambo ya barabara hiyo, mkono wa kulia ukielekea Nairobi.

Tuanze na hesabu. Kaunti ya Makueni huanzia kama mita 600 juu ya usawa wa bahari upande wa Tsavo, na vilele vya Kilungu na Mbooni hufika takriban 1,900. Makindu, iliyo kando ya barabara kuu, iko kwenye mita 1,000 hivi. Kwa wastani hewa hupoa digrii 6.5 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Kosa la wengi ni kuhesabu kilele, ilhali hakuna anayelala kileleni. Toa mita 200 ufike kwenye masoko na nyumba za watu, utabaki na tofauti ya digrii nne na nusu kati ya huko na Makindu. Mchana huenda usiihisi sana. Usiku utaitafuta sweta. Mvua nayo ni ushahidi: milimani hunyesha milimita 800 hadi 1,200 kwa mwaka, mabondeni 300 hadi 400. Ndiyo maana kule juu utakuta kahawa na parachichi kwenye matuta ya fanya juu, yale ambayo mkulima huchimba mtaro na kuutupa udongo upande wa mlimani.

Kitui nimeiondoa mapema. Kaunti ina miinuko inayokaribia mita 1,800, lakini mji wenyewe uko chini sana ya hapo, na vilima virefu kama Mutitu na Mumoni viko mbali na malazi ya kawaida. Nenda Kitui kwa ajili ya jiwe la Nzambani, upande ngazi zake za chuma na usikie wenyeji wakisimulia kwamba ukilizunguka mara saba unageuka jinsia. Usiende kutafuta baridi.

Zimebaki Kilungu, ambayo soko lake ni Nunguni, na Mbooni, ambayo soko lake ni Kikima. Zote mbili ni nafuu kwa sababu moja: gesti zake ziliwekewa bei kwa ajili ya walimu, wachuuzi na maafisa wa nyanjani, si watalii. Lushoto iko kwenye mita 1,400 hivi, chini ya milima hii, lakini ina jina tangu enzi za Wajerumani, na jina hulipiwa. Chakula hakisumbui mfuko: sahani ya muthokoi na maharagwe inakushibisha hadi jioni.

Pesa huvujia kwenye kipande cha mwisho cha safari. Ukishuka lami jua likiwa limezama, matatu ya kupanda imeshaondoka, na mwenye Probox anajua huna pa kwenda. Utamlipa nauli ya abiria wote ambao hawapo. Kwa hiyo chagua chumba unachoweza kukifikia kwa miguu kutoka stejini, na uwe umefika kabla ya saa kumi jioni. Anayetoka Pwani aangalie treni ya SGR inayosimama njiani. Kibwezi na Emali ni miongoni mwa vituo vyake. Aliyebanwa kabisa anaweza kulala kwenye hekalu la Masingasinga la Makindu, lililojengwa 1926, ambako malazi na chakula ni bure kwa msafiri. Funika kichwa, usiingie na sigara wala pombe, na ukijaliwa acha sadaka.

Kabla ya kulipia chumba, kagua kitanda. Gesti yenye blanketi moja jepesi ama haiko juu vya kutosha, ama mwenyewe hajali. Vyote viwili ni sababu ya kuondoka. Uliza pia kama maji ya moto yanaletwa kwa ndoo, na saa ngapi. Chandarua beba chako, maana kilima hakimkingi mgeni na homa ya malaria. Mwaka 1895 wamisionari wa African Inland Mission, wakiongozwa na Peter Cameron Scott, waliweka kituo chao cha kwanza Nzaui, kilima cha huko huko Makueni. Scott alifariki Desemba 1896 kwa homa.

Kuhusu majira, Julai kuna ukungu na baridi ya kukufungia ndani, Aprili kuna matope, na Krismasi kila Mkamba wa Nairobi anarudi kwao, nauli inapanda na vyumba vinajaa. Wakati mzuri ni kuanzia katikati ya Januari hadi Februari, au Septemba.

Kwa siku mbili tatu, chagua Nunguni, kwa kuwa ukiacha barabara kuu ya Mombasa umekaribia kufika. Kikima, ambayo wengi huifikia kwa kuzungukia Machakos, inamfaa mwenye wiki nzima. Piga simu ya chumba kwanza, kisha ndipo ukate tiketi.