Tone Lililostahili Kuchunguliwa

Ijumaa moja mwanzoni mwa Desemba 1963, kipande cha uvimbe wa mtoto wa Uganda kilikuwa safarini kwa ndege kwenda London. Ukungu ulikuwa umefunga uwanja, ndege ikalazimika kutua Manchester. Kifurushi kilipofika maabara ya Hospitali ya Middlesex, jioni ilikuwa imekaribia na wiki ya kazi inakwisha, na maji yaliyohifadhi kile kipande yalikuwa yamechafuka. Aliyewahi kukuza seli anajua kinachofuata: bakteria wameingia, mwaga, osha chupa. Anthony Epstein, mtafiti wa maabara hiyo, hakumwaga. Alidondosha tone moja kwenye kioo, akalitazama kwa darubini ya kawaida.

Hapakuwa na bakteria. Zilikuwa seli za uvimbe, nzima na hai, kila moja ikielea peke yake. Mtikisiko wa safari ndefu ulikuwa umezibandua kwenye kingo za nyama. Kwa zaidi ya miaka miwili alikuwa amejaribu kuzikuza seli hizi kwa kuzishikiza kwenye kioo, nazo zikifa. Sasa zilimwonyesha zinavyotaka kuishi: zikielea. Uvimbe huu hutokana na jamii ya seli nyeupe za damu, ambazo hata mwilini hazikai mahali pamoja. Msaidizi wake Yvonne Barr akazilea hivyo, kwa subira ya kubadilisha maji na kuchungulia chupa siku baada ya siku, mpaka zikaanza kuongezeka.

Wengi husimulia kisa hiki kama bahati. Mimi naona humo mazoea ya miaka mingi. Epstein alikuwa amechunguza kirusi kinachosababisha saratani kwa kuku, na mwaka 1956 alikwenda New York kujifunza darubini ya elektroni kwa George Palade, bingwa wa chombo hicho. Ndiyo maana Machi 1961, alipoona tangazo la mhadhara wa Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Hospitali ya Mulago, Uganda, alikwenda kuketi nyuma ya ukumbi. Burkitt alieleza uvimbe wa kutisha unaoota kwenye taya za watoto wa Afrika, tena akaonyesha kwamba mahali unapotokea panategemea joto na mvua. (Baadaye mwaka huohuo Burkitt na wenzake wawili waliendesha gari kuukuu kutoka Kampala mpaka Afrika Kusini na kurudi, kiasi cha kilomita 16,000, wakiuliza hospitali moja baada ya nyingine kama zimewahi kuuona.) Kabla mhadhara haujaisha, Epstein alikuwa ameshaamua: saratani inayofuata hali ya hewa huenda inaletwa na kitu cha kuambukiza, na pengine kitu hicho ni kirusi.

Tarehe 24 Februari 1964 seli zilizokuzwa ziliwekwa kwenye darubini ya elektroni. Kazi hii haina haraka. Seli hugandishwa ndani ya plastiki ngumu, hukatwa vipande vyembamba mno, kisha hutandazwa kwenye wavu mdogo wa shaba. Katika tundu la kwanza kabisa la wavu, Epstein alikuta seli iliyojaa virusi. Alizima darubini. Aliogopa mwali wa elektroni usije ukaunguza alichokiona, akatoka nje bila koti, akazunguka mtaa katika theluji hadi moyo ulipotulia. Ndipo akarudi kupiga picha. Hapo ndipo ninapomhusudu zaidi: mtu aliyesubiri miaka mitatu anapata alichokitafuta, na jambo la kwanza analofanya ni kuondoa mkono wake kwenye chombo.

Mwezi uliofuata Epstein, Bert Achong wa Trinidad na Barr walichapisha matokeo. Kirusi kilifanana na jamii ya virusi vya malengelenge, lakini kilikataa kuota katika seli nyingine walizozijaribu, kwa hiyo Epstein akazipeleka zile seli Philadelphia kwa watafiti Werner na Gertrude Henle, wazichunguze kwa macho yao wenyewe. Wao ndio waliothibitisha, kwa kutumia kingamwili, kwamba ni kirusi kipya. Ilibainika pia kwamba watu wazima karibu wote duniani wanacho, na kinga ya mwili hukidhibiti. Je, kweli basi ndicho kinachowadhuru watoto wa ukanda ule wa joto na mvua? Kuanzia mwaka 1972 watafiti walichukua damu ya watoto wapatao 42,000 wa West Nile, Uganda, wakaihifadhi, wakangoja. Wale wachache waliougua baadaye walikutwa, katika damu iliyotunzwa tangu wakiwa wazima, na kingamwili nyingi dhidi ya kirusi hicho kuliko wenzao.

Epstein alihamia Bristol akageukia chanjo. Kundi lake lilisafisha protini ya ganda la nje la kirusi, na mwaka 1985 likaripoti kwamba tumbili wadogo wa Amerika Kusini waliochanjwa hawakuota uvimbe walipoambukizwa kirusi kwa makusudi. Alifariki Februari 2024 akiwa na umri wa miaka 102. Chanjo ya binadamu ilikuwa bado haijaidhinishwa, ingawa majaribio yake kwa watu yalikuwa yameshaanza.