Mharagwe wa Jack Ukingoni mwa Mraba

Anayetunga fumbo la maneno kwa Kiswahili hukwama kwanza kwenye ukingo wa kulia. Maneno yetu, ukiacha machache ya mkopo, huishia kwa irabu. Kila neno la mlalo linalogota ukingo huo huacha pale a, e, i, o au u. Yakipangwa mstari kwa mstari bila nafasi, neno la wima linaloshuka ukingoni linakuwa irabu tupu, na ukiondoa kilio cha aliyekanyaga mwiba na maneno mafupi kama UA na OA, hatuna neno la namna hiyo. Ukingo wa chini nao una balaa lilelile.

Ndiyo maana mraba wa Kimarekani hautufai, kwa kuwa kila herufi yake sharti iwe ndani ya maneno mawili, la mlalo na la wima. Wa Uingereza unatufaa. Umesukwa kama kimia: herufi moja inakatwa na neno jingine, inayofuata inaachwa huru kati ya visanduku vyeusi. Kiswahili hakitaki zaidi ya hapo. Konsonanti ikae huru, irabu ikatwe.

Tujaribu kwa hadithi ya Jack na mharagwe wa ajabu, jinsi Joseph Jacobs alivyoichapisha London mwaka 1890. Jack anamtoa ng'ombe kwa maharage matano, mama anayatupa dirishani kwa hasira, kunapambazuka shina limefika mawinguni. Huko juu anakaa zimwi. Jack anapanda mara tatu, anaiba mfuko wa dhahabu, kuku na kinubi, na safari ya mwisho anashuka akimpigia mama yake kelele alete shoka.

Lisimamishe neno MAHARAGE wima kwenye ukingo wa kulia. Irabu zake zimeangukia kisanduku cha 2, 4, 6 na 8. SHINA linakuja kugota cha 2, SHOKA cha 4, MAMA cha 6, na NG'OMBE, akishavuliwa ritifaa yake, anaishia cha 8. Hadithi karibu yote imeshikwa na mmea wenyewe, na hakuna kilicholazimishwa. Sasa andika kama wanavyoandika Kenya, MAHARAGWE: W hiyo moja inaisukuma E hadi kisanduku cha 9, na ng'ombe inabidi ahamishwe mstari mzima. Mhariri aamue mapema gazeti lake linauzwa wapi.

Kujaza mraba ni nusu ya kazi; nusu nyingine ni vidokezo. Mafumbo ya Marekani huichuma hadithi hii kwa namna ya kivivu kidogo. Vipande vya mngurumo wa zimwi, FEE na FUM, vinazibia mapengo ya herufi tatu, na kidokezo kinasema tu kwamba hiyo ni silabi ya jitu. Msomaji anajaza, anasonga mbele, hakuna alichofumbua. Katika mtindo wa Uingereza kidokezo kina pande mbili: upande mmoja unaeleza maana ya jibu, mwingine unaonyesha herufi zake zilikofichwa, na pande hizo hukutana katika sentensi inayosomeka kana kwamba inazungumzia jambo jingine kabisa. Aliyewafundisha Wamarekani wengi mtindo huo ni Stephen Sondheim, aliyekuwa akitunga mafumbo ya jarida la New York tangu mwaka 1968. Huyohuyo ndiye aliyetunga nyimbo za Into the Woods, mchezo wa Broadway wa 1987 ambamo maharage ya Jack yanatoka katika bustani ya mchawi.

Kwa Kiswahili, mbinu inayolipa kuliko zote ni kuficha neno kati ya maneno mawili. Silabi ya mwisho ya neno moja na ya kwanza ya linalofuata hushikana bila mshono kuonekana. Chukua JITU. Jaribio la kwanza lingekuwa hivi: "Mche ulipewa maji tu, ndani likajificha pandikizi la mtu (4)." Inasomeka vizuri, hata neno pandikizi lina harufu ya bustani, lakini "mche ulipewa" haufanyi kazi yoyote. Umewekwa pambo. Futa, ubaki na: "Maji tu yameficha pandikizi la mtu (4)." Maji tu, maJI TU, na jitu lenyewe hilo. Kila neno linalipa kodi yake.

SHOKA ni bahati ya mtunzi: "Mwisho kata kwa kilichofichwa hapa (5)." Angalia mwiSHO KAta. Uzuri wake ni kwamba hakuna pande mbili tena. Sentensi ileile inayoficha herufi ndiyo inayoeleza kifaa, tena ndiyo mwisho wa hadithi. Vidokezo vya aina hii havitafutwi, vinaokotwa.

KUKU hahitaji jasho: "Kiambishi cha kitenzi kikirudiwa, hutaga dhahabu (4)." Kinubi ndicho kinachonipendeza, maana jibu lina maana mbili na zote ni za kweli: "Lugha ya Kibera iliyopiga kelele ilipoibwa (6)." Wanubi wa Kibera huzungumza Kinubi, na kinubi cha zimwi kilimwita bwana wake Jack alipokitia mkononi. Msomaji wa Nairobi atadhani anaulizwa habari za Sheng.

Zimwi lenyewe lina kidokezo ambacho methali imeshakitunga: "Likikujua, halikuli likakwisha (5)." Tatizo ni W iliyojipenyeza katikati ya ZIMWI, kwa hiyo libaki mlalo, ndani ya mraba, mbali na kingo.

Maharage yenyewe ni mtego. Ndani ya neno hilo mmekaa HARA, na mtunzi mwenye utani atashawishika kuandika juu ya tumbo la aliyekula yasiyoiva. Wahariri wa Marekani wana kanuni kwamba fumbo lisimharibie mtu kifungua kinywa, nami naiunga mkono. Neno hilo lipewe maelezo ya kawaida tu: "Bei ya ng'ombe wa Jack (8)." Fumbo gumu kupita kiasi linahitaji mahali pa kuingilia, na neno refu la ukingoni ndilo mlango.

Limebaki neno moja nililoliacha kwa shingo upande, MBEGU: "Katika jembe gumu mna cha kuotesha (5)." JeMBE GUmu, kazi safi. Lakini katika hadithi hii hakuna aliyelima, mbegu zilitupwa dirishani. Kidokezo hicho kisubiri fumbo la wakulima.