Kiti Alichokalia Mwenzio

Gari lililoshuka kutoka pande za Bibokoboko, kule milimani, hulitambui kwa rangi yake, unalitambua kwa magurudumu. Tope la mlimani hujibana nyuma ya janti, likakauka njiani, na likifika mji wa Baraka, huku Kongo, kwenye joto la Ziwa Tanganyika, huwa limeshakuwa gumu la kugongwa kwa jiwe. Wakati mwingine hata usukani hutetemeka, kwa sababu tope likilemea upande mmoja gurudumu hupoteza mizani, na shofere asiyejua huanza kuwaza gharama za mekanika. Kijana wa kuosha magari anajua. Kabla hajamwaga tone la maji huinama, akaingiza mkono nyuma ya janti, akalichokoa lile bonge kwa kijiti mpaka lidondoke.

Nataka kuisifu kazi hii, maana sisikii wanaoisifu. Tunamsifu mekanika. Tunamsifu shofere aliyetoka Uvira kwa barabara ya taifa namba 5 katikati ya mvua akafika siku hiyo hiyo. Kijana mwenye bidoni la njano na brashi tunampita kana kwamba yuko pale kwa kukosa kazi nyingine. Tunamkosea. Anachokifanya kina elimu ndani yake, na elimu hiyo ina utaratibu usiorukwa.

Anaanza na magurudumu, na ana sababu. Hakuna sehemu chafu ya gari kuliko hiyo, na ukitangulia kuosha bodi, tope litarukia mlango uliokwisha takata. Ndoo ya magurudumu ina kitambaa chake, na kitambaa hicho hakigusi mahali pengine, kwa kuwa chembe ya mchanga iliyojificha humo itachora rangi ya bodi mistari ya kudumu. Kisha anasubiri. Gari lililoteremka mlima limekanyagiwa breki njia nzima na diski zake zina moto mkali. Ukizimwagia maji baridi ghafla zinaweza kupinda, na tangu hapo gari litatikisika kila linapofunga breki. Mwenye gari atapiga kelele kwamba ana haraka. Muoshaji mzuri humwacha apige kelele, yeye akaenda kuteka maji.

Tope likishaondoka, chini yake kuna kitu kibaya zaidi: unga mweusi wa breki. Ni chembe za chuma zinazosagika diski na pedi zinaposuguana, nazo hurukia janti zikiwa za moto, zikanata, zikaota kutu na kuula ule mng'aro wa juu. Wapo wanaoukimbiza kwa maji ya betri. Janti ya alumini hung'aa jioni ile, lakini asidi imeshaitoboa vitundu vidogo ambavyo uchafu ujao utavifanya makao. Sabuni yetu ya mawese nayo inataka kujuliwa. Hupikwa kwa magadi makali, soda kostiki, na ikikatwa kabla haijakomaa hubaki na magadi yaliyo huru, ambayo hula alumini kama yanavyokula ngozi ya mikono. Kwa hiyo mwenye kuijua kazi huchagua kipande kilichokauka wiki nyingi, akatumia brashi laini na maji mengi, akarudia. Dawa ya unga wa breki ni kurudia tu, na kuja mapema kabla haujazoea.

Brashi inapopita, vidole vinakagua. Nati iliyolegea huacha mchirizi wa kutu kwenye janti. Tairi lililoisha upande wa ndani peke yake linasema miguu ya mbele haiko sawa. Kuna ufa ambao shofere hawezi kuuona kwa sababu ulikuwa umezibwa na tope, kuna msumari, kuna jeraha la jiwe ubavuni mwa tairi. Kwa pikipiki, ambazo ndizo zinazopanda zaidi kule juu kwa wasiokwenda kwa miguu, muoshaji hupitisha kijiti kwenye spoku moja moja: iliyokazwa inalia, iliyolegea inajibu kwa sauti nzito. Sijui tuwahesabu wangapi waliofika salama chini ya miteremko ile kwa sababu mtu aliyelipwa franka chache za kuosha alisema, «Mzee, hii nati yako.»

Lakini mimi moyo wangu uko kwenye viti.

Magari mengi ya huku yaliwahi kutumika Japani, yakaletwa kwa meli hadi Dar es Salaam, kisha yakasafirishwa bara. Viti vyake vilivikwa kitambaa kwa ajili ya mtu mmoja aendaye kazini na mkoba wake. Hapa vinabeba nchi nzima. Amekaa hapo mama wa Baraka na beseni la ndagala na mikeke. Amekaa mkulima wa Fizi na bidoni la mawese lisilofunga vizuri. Amekaa mchungaji wa ng'ombe aliyeshuka na maziwa. Wamekaa waliorudi kwa meli kutoka kambi za wakimbizi za Kigoma, Tanzania, tangu mwaka 2005, na vyote walivyokuwa navyo wakivipakata magotini. Kila mmoja ameacha kitu kwenye kitambaa, na kila kitu kina tiba yake.

Mkosaji mkubwa ni maji yanayokuja mapema. Kiti hupigwa kwanza kikiwa kikavu, kwa ufagio mfupi, vumbi litoke kwenye mishono, maana vumbi likikutana na maji ni tope, na tope likizama kwenye sponji halitoki. Mawese hukwanguliwa kwa kijiko, kisha hufunikwa unga wa muhogo usiku kucha unyonye mafuta, ndipo sabuni ije. Ule wekundu unaobaki ni karotini, rangi ile ile ya karoti, na jua huimaliza lenyewe kwa siku chache; asiyejua hili husugua mpaka kitambaa kikatoka manyoya. Maziwa hutaka maji baridi. Ukiyamwagia ya moto yanagandia ndani ya nyuzi, na wiki ijayo kila abiria atashusha kioo. Damu vilevile. Harufu ya samaki ni ya kemikali zenye tabia ya magadi, kwa hiyo sabuni peke yake haiishindi. Maji ya limau huzifunga zisipae tena. Halafu povu, si maji: povu zito mkononi, kutoka ukingo wa doa kwenda katikati ili doa lisitanuke, na kitambaa kikavu kikandamizwe, kisisuguliwe. Milango yote minne iachwe wazi juani.

Nimetazama kazi hii ikifanyika na kinachonigusa ni kwamba muoshaji hamuulizi kiti nani alikikalia. Vita vya miaka ya karibuni vimewatawanya watu wengi wa Bibokoboko na wa vijiji vya kandokando, na katika soko ambalo maziwa ya juu na samaki wa chini walikutana, kuna majirani waliojifunza kutazamana kwa pembe ya jicho. Doa la maziwa na doa la mawese yako kwenye kiti kimoja. Yeye anayaondoa yote mawili kwa mkono ule ule, ili anayekuja, awe wa mlimani au wa ziwani, akae mahali safi. Ni heshima anayopewa mtu ambaye bado hajafika na hajulikani jina.

Heshima hiyo huwa nzito zaidi kwenye gari la wagonjwa. Kipindupindu ni mwenyeji wa mwambao huu, na kiti kilichombeba mgonjwa wake hakitibiwi kwa povu na jua tu. Hupakwa maji ya klorini ya asilimia 0.5, lakini baada ya kuoshwa kwa sabuni, kwa sababu klorini hupoteza nguvu zake juu ya uchafu. Huachwa dakika 10, kisha huoshwa tena, la sivyo chuma kitaota kutu na kitambaa kitapauka. Na limau liwe mbali kabisa siku hiyo: klorini ikichanganyika na tindikali hutoa hewa ya sumu. Kijana anayeyajua haya, na anayafanya ndani ya gari lililofungwa lenye joto la saa nane mchana, anastahili glavu na barakoa kabla ya kustahili shukrani.

Kinachonisumbua ni maji yanakokwenda. Rahisi ni kuliingiza gari ziwani mpaka maji yafike nusu ya matairi, ukaosha na kusuuza kwa pamoja. Tanganyika linaonekana kuwa na uwezo wa kumeza kila kitu, urefu wa kilomita 673, kina kinachofika mita 1,470. Lakini mto unaolitoa maji ni mmoja tu, Lukuga, na mengine hupotea kwa mvuke, ambao hauchukui oili wala unga wa breki. Kinachoingia kinakaa. Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia zilitia saini mkataba wa kulilinda huko Dar es Salaam mwaka 2003, na hapo hapo kijana anaposuuza janti, mita chache pembeni, mtoto anajaza bidoni la maji ya kunywa.

Simlaumu kijana, kwa kuwa hakuna aliyempa pa kwenda. Mji wa Baraka ungeweza kuwatengea waoshaji kiwanja mbali na ufuko: sakafu ya mawe yenye mwinamo, mtaro, shimo la kwanza la kutuliza mchanga, la pili la kunasa oili inayoelea juu, na la mwisho la changarawe ambamo maji yanazama ardhini taratibu. Kivuli cha mabati upande mmoja kwa watu, na upande wa pili uachwe wazi, viti vipate jua. Saruji, mawe na vibarua wa kuchimba vyote vinapatikana Baraka.