Nani Amfae Umu? Uzoefu wa Mtu Mzima na Malezi ya Vijana katika Chozi la Heri

Msomaji mpenzi, bila shaka nawe umewahi kusahihisha swali lile la insha linalomtaka mwanafunzi athibitishe kuwa Sauna ni katili. Majibu yake tunayajua: aliwaiba Dick na Mwaliko, akawapeleka kwa Bi. Kangara, akamwacha Umulkheri peke yake. Hoja, mfano, maelezo, alama. Hata hivyo, miaka kadhaa iliyopita msichana mmoja wa kidato cha nne aliniandikia sentensi ambayo haikuwa katika mwongozo wowote. Alisema kwamba katika nyumba ya Lunga, baada ya Naomi kuondoka na Lunga mwenyewe kufariki, Sauna ndiye mtu mzima pekee aliyejua maana ya mtoto kuachwa bila mtetezi. Kwa hiyo, aliandika, Sauna ndiye angefaa kuwa mshauri wa Umu.

Nilimnyima alama. Makala haya ni jaribio langu la kumjibu ipasavyo, ijapokuwa amekwisha kuondoka shuleni, na ijapokuwa riwaya hiyo ya Assumpta K. Matei imekwisha kuipisha Nguu za Jadi katika mtihani wa KCSE.

Wahenga walisema, adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Methali hii ndiyo msingi wa hoja ya yule msichana. Anayeweza kumwongoza kijana katika giza ni yule aliyewahi kulipita. Wazo hili si geni kwetu. Katika unyago wa pwani, mwari hakuachiwa mtu yeyote tu. Alikabidhiwa kungwi, mwanamke ambaye mwenyewe alikuwa amewahi kuwa mwari. Kungwi huyo huitwa pia somo. Mwalimu mwenzangu, hebu litafakari neno hilo. Lugha yetu imempa mlezi jina lile lile inalolipa funzo, kana kwamba kinachofundishwa ni maisha yake yeye.

Je, riwaya inaikubali methali hii? Inaikubali, lakini kwa masharti. Tuanze na Sauna mwenyewe. Mbinu rejeshi inatufichulia kuwa alinajisiwa na baba yake wa kambo, na kwamba mama yake, badala ya kumtetea, aliisitiri aibu hiyo. Akatoroka, akaangukia mikononi mwa Bi. Kangara, mlanguzi wa watoto. Angalia kinachofuata. Msichana aliyeuzwa na ukimya wa mama yake anageuka kuwa muuzaji wa watoto wa wengine. Maumivu anayo, uzoefu anao, lakini uzoefu huo haukumfanya awe somo kwa Umu. Mwandishi anatuonya kwamba kuteseka peke yake si shahada ya ulezi. Jeraha lisilotibiwa huambukiza.

Sasa mtazame Umu katika Shule ya Tangamano. Bwenini anakutana na akina Kairu, Mwanaheri, Chandachema na Zohali. Kila mmoja anasimulia yake: Mwanaheri aliyempoteza mama yake kwa sababu ya ubaguzi wa kikabila, Zohali aliyepata ujauzito akaondoka kwao, Chandachema aliyelelewa na bibi yake. Umu anatambua kuwa hayuko peke yake. Sehemu hii huwagusa wanafunzi mno, na inastahili. Lakini tukumbuke kwamba wasichana hawa wote wangali ndani ya kaburi lile lile. Wanaweza kufutana machozi. Hawawezi kuambiana njia ya kutokea iko wapi, kwa kuwa hakuna aliyekwisha kutoka.

Njia hiyo inaletwa na Mwangeka na Apondi. Mwangeka alipoteza mke na mtoto katika moto ulioteketeza familia ya Ridhaa. Apondi naye ni mjane. Hawa ni watu waliokwisha kuzika, wakalia, wakathubutu kujenga nyumba nyingine. Nyumba hiyo ndiyo inayompokea Umu. Tofauti yao na Sauna haiko katika uzito wa msiba. Iko katika mambo mawili. Kwanza, jeraha lao limekwisha kufanya kovu. Pili, wanamwendea mtoto kwa ajili ya mtoto, si kwa faida yao. Anayekosa moja kati ya haya mawili, hata awe ameteswa kiasi gani, asikabidhiwe kijana.

Ningekuwa na la kumlaumu mwandishi, ni kwamba ametuonyesha zaidi hifadhi kuliko mazungumzo. Ningetamani kumsikia Apondi, usiku mmoja, akimweleza Umu jinsi yeye mwenyewe alivyoamka asubuhi ya kwanza ya ujane. Malezi ya aina hii hufanyika kwa maneno madogo kama hayo.

Nasema hivi kwa sababu niliwahi kuyapata. Mwaka 2008, baada ya vurugu za uchaguzi wa Desemba 2007, nilikuwa kidato cha pili na tuliishi kwenye hema katika uwanja wa maonyesho ya kilimo. Mtu mzima mmoja baada ya mwingine alikuja kutuambia tusahau, yaliyopita si ndwele. Mama mmoja tu, aliyekuwa akitugawia uji, hakuniambia nisahau. Yeye alikuwa amefurushwa katika mapigano ya mwaka 1992. Aliona nalala na viatu. Akaniambia, "Mwanangu, mimi nililala na viatu karibu mwaka mzima. Halafu asubuhi moja niliamka nikakuta nimevivua usiku, na sikujua nilivivua saa ngapi." Hakuongeza neno. Nilivivua vyangu mwezi wa Agosti.

Kwa miaka mingi nilifundisha Chozi la Heri bila kuligusa jambo hilo darasani. Nilidhani mwalimu hapaswi kujileta mwenyewe mbele ya darasa. Nilieleza "maudhui ya ukimbizi" kama mtu aliyeyasoma kitabuni. Leo nadhani nilikosea, ingawa sisemi kila mwalimu aanze kuwasimulia wanafunzi misiba yake. Mwalimu ambaye jeraha lake bado linavuja damu atawafanya wanafunzi wawe walezi wake, na hilo ni kuwatwika mzigo usio wao. Ajiulize kwanza: simulizi hii inamfaa nani, yeye au mimi?

Mwalimu mwenzangu, ukiwa na riwaya hii rafuni, jaribu kulibadilisha swali lile. Usiulize ukatili wa Sauna pekee. Waulize wanafunzi: "Sauna na Apondi wote wamepatwa na makubwa. Kwa nini mmoja aliwaangamiza watoto na mwingine akawalea?" Utayasikia majibu usiyoyatarajia, na huenda ukamtambua aliyeketi nyuma ya darasa ambaye anatafuta mtu aliyewahi kulala na viatu. Ukimtambua na huna uzoefu wake, mtafutie aliye nao katika idara ya ushauri na uelekezaji, miongoni mwa wafanyakazi wa shule au hata wazazi.

Na yule msichana wangu? Jibu lake halikuwa sahihi, kwa sababu Sauna alivyo hangeweza kumfaa Umu. Lakini aliona kwamba Sauna naye alihitaji mtu wa kumfaa, mapema, kabla hajafika kwa Bi. Kangara. Hoja hiyo ilistahili alama, nami sikumpa.